Maji Yaliyojisafishia Picha

Kazi ya picha niliianza mwaka 1986 mjini Mwanza, nikiwa kijana wa kuchota maji. Studio ya mwalimu wangu ilikuwa na chumba kimoja cha kupigia, kichumba cha giza kisichotosha watu wawili wanene, na bomba lililotoa maji pale lilipopenda. Siku ambazo bomba lilikataa, nazo zilikuwa nyingi, nilishuka ziwani na ndoo mbili, nikayachuja maji kwa kitambaa cha marekani, nikayaacha yatulie, ndipo picha za pasipoti za wateja zikaweza kusafishwa. Sisi husema kusafisha picha, na nadhani lugha yetu imeliona jambo lenyewe barabara, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ile ni kuosha: dawa ya kwanza huitoa sura, dawa ya pili huizuia isiendelee kubadilika, na baada ya hapo ni maji, na maji tena, la sivyo baada ya miaka michache picha hugeuka manjano na mwenyewe akarudi na maneno.

Dawa ile ya pili mwalimu aliiita haipo, kama alivyoisikia jina lake la kigeni kwa fundi aliyemfundisha yeye. Siku ya kwanza aliponiuliza gizani, "Haipo iko wapi?", nilimjibu kwa adabu zote, "Kama haipo, mwalimu, basi haiko," nikapigwa kofi la mgongo ambalo sikuliona likija. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, nikiwa mkazi wa Denver, Marekani, nilicheka peke yangu maktabani niliposoma habari za William Henry Jackson, ambaye picha zake za chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, nchi ya milima magharibi mwa Marekani, ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za mahali pale. Bwana huyo alikuwa na nyumbu mnene aliyekatwa masikio, wa kumbebea kamera na dawa zake, na nyumbu huyo aliitwa Hypo. Basi na yeye alikuwa na haipo wake, tena wa miguu minne.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niendelee kusoma. Jackson alizaliwa mwaka 1843, na mwaka 1870 akaingia katika msafara wa upimaji wa nchi ulioongozwa na mwanajiolojia Ferdinand Hayden. Mwaka uliofuata Kongresi ya Marekani iliidhinisha dola 40,000 ili Hayden akachunguze nchi ya Yellowstone, ambayo watu wa miji ya mashariki walikuwa wamesikia habari zake wasiziamini. Msafara uliondoka Ogden, katika jimbo la Utah, mwezi Juni 1871, na kuelekea mwisho wa Julai ukafika kwenye mteremko mweupe ambao Hayden aliupa jina la Mlima Mweupe na ambao leo huitwa Mammoth Hot Springs. Maji ya pale hupita chini ya ardhi katika mawe ya chokaa, yakiwa ya moto na yamejaa hewa ya kaboni, kwa hiyo huyayeyusha mawe hayo na kuyachukua. Yakitokeza juu, hewa ile huponyoka na chokaa huachwa nyuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka mlima mzima umekuwa ngazi za mabakuli, bakuli moja likimwagikia jingine kama vibaraza vya nyumba iliyojengwa na mtu asiyejua kuacha kujenga.

Katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni, Jackson alieleza kwamba hapo ndipo alipowahi kuandaa na kuosha vioo vingi kwa muda mfupi kuliko mahali pengine popote. Vya kupiga vilikuwa karibu, maji yalikuwa karibu, na kwa kuvioshea vioo katika maji yaliyotoka chemchemini yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi, muda wa kuvikausha ulipungua kwa zaidi ya nusu. Huenda msomaji mwingine ataipita habari hii haraka ili afike kwenye habari za milima na maporomoko. Mimi niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimebeba ndoo miaka minne, na huyu mtu alisimama mahali ambapo kitu alichokipiga picha ndicho kilichomsafishia picha.

Nikataka kujua kazi ile ilikuwaje mikononi, kwa sababu najua vizuri kwamba fundi hasomi kazi ya fundi mwenziwe kwa macho peke yake. Mjini Denver kuna watu wachache wanaoendelea kupiga picha kwa vioo vibichi kama ilivyofanywa zamani hizo, na mmoja wao alikubali kunifundisha katika gereji yake. Unachukua kioo kisafi, unakimwagia kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi na kuyeyushwa katika etha na spiriti, unakizungusha mkononi mpaka dawa ienee sawasawa bila kumwagikia kiwiko chako, kisha unakitumbukiza katika nitrati ya fedha ndani ya giza. Kuanzia hapo kioo kinaona. Lakini kinaona kikiwa kibichi tu, kikikauka kimekufa. Kwa hiyo kukitia katika kamera, kukipiga, kurudi gizani, kukimwagia dawa ya kutoa sura na kukiosha, yote hayo lazima yaishe katika muda wa dakika kama kumi, na katika hewa kavu ya Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, dakika hizo hupungua.

Vioo vyangu sita vya kwanza viliharibika vyote. Kimoja kilikauka pembeni kikawa na ukingo kama ramani ya pwani, viwili vilishika vumbi, kimoja nilikidondosha, na viwili vilivyobaki sijui mpaka leo vilikuwa na kosa gani. Nilikuwa na paa juu ya kichwa changu, meza imara, na sinki lenye maji ya kutiririka. Jackson alikuwa na hema dogo la giza na msaidizi mmoja, na kwa kuwa picha za wakati ule hazikukuzwa bali kioo kiligusishwa karatasi na kuanikwa juani, aliyetaka picha kubwa alilazimika kubeba kamera kubwa na vioo vikubwa. Kamera yake kuu ya mwaka 1871 ilitumia vioo vya inchi 8 kwa 10, yaani takriban sentimita 20 kwa 25. Tangu siku ile sijaweza tena kuitazama picha yoyote ya wakati ule bila kuhesabu hatua kutoka kamera hadi hemani. Nikiona picha mbili zimepigwa karibu karibu, najua hema halikuhamishwa. Nikiona mahali pazuri ambapo hapakupigwa, huwa najiuliza kama maji yalikuwa mbali.

Kosa langu jingine ndilo lililonifunza zaidi. Nilipiga picha ya mtungi wa rangi ya chungwa juu ya kitambaa cheupe, nje, chini ya anga la buluu, na sura ilipotoka mtungi ulikuwa mweusi kama makaa, kitambaa kimeungua kwa weupe, na anga halikuwepo kabisa. Mwalimu wangu wa gereji alitabasamu, akanionyesha pazia la hema lake: lilikuwa la rangi ya chungwa, kwa sababu kolodioni haioni chungwa wala nyekundu, inaona buluu na mwanga wa jua ulio nje ya uwezo wa macho yetu. Hapo nikazielewa picha za Mammoth. Anga lao tupu, ambalo nilidhani lilikuwa la siku ya mawingu, lilikuwa anga la buluu. Michirizi myeusi iliyoteremka juu ya mabakuli, ambayo nilidhani ni uchafu, ni mahali palipokuwa na rangi kali kuliko pote, kwa kuwa katika maji yale ya moto huishi vijidudu visivyoonekana kimoja kimoja, ambavyo vikikusanyika hupaka mawe rangi ya chungwa, ya kahawia na ya kijani kadiri joto linavyopungua. Mahali penye uhai mwingi pamekuwa peusi, na mahali palipokauka na kufa pamekuwa pakung'aa. Na maji yenyewe, kwa kuwa kioo kilihitaji sekunde kadhaa kuona, yamekuwa kama moshi uliolala.

Rangi ilibidi ziletwe na mtu mwingine. Katika msafara uleule alikuwemo mchoraji Thomas Moran, mtu mwembamba ambaye hakuwa na mazoea ya kupanda farasi na alilazimika kuweka mto juu ya tandiko. Sehemu ya gharama za safari yake ilikopeshwa na Jay Cooke, mwenye benki aliyekuwa akitafuta fedha za reli ya Northern Pacific, ambayo ingefaidika sana kama watu wangetamani kwenda huko. Moran na Jackson walitembea pamoja, Moran akimsaidia mwenzake kuchagua mahali pa kusimamisha kamera, na katika picha mojawapo ya Mammoth yeye ndiye mtu mdogo aliye katikati ya mabakuli. Bila yeye usingejua kama bakuli lile linamtosha kuku au ng'ombe. Jambo hilo hata Mwanza tulilijua: mteja akitaka kupigwa picha na radio yake mpya, mwalimu alimwambia aiweke mkono juu, ili wa kijijini waone ukubwa wake.

Nilikwenda Mammoth kwa mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi, kwa gari, safari ya siku mbili, nikiwa na kamera kubwa ya filamu, stendi ya mbao, na nakala ya picha ile yenye Moran niliyoichapa na kuitia katika mfuko wa nailoni. Vioo sikuvibeba, kwa sababu si mahali pa mtu kwenda kumwaga nitrati ya fedha. Nia yangu ilikuwa kusimama pale pale aliposimama Jackson. Nilizunguka njia za mbao tangu saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita, nikilinganisha bakuli kwa bakuli, ukingo kwa ukingo, na hakuna hata moja lililolingana. Nilianza kushuku kwamba nakala yangu ilichapwa kinyumenyume. Nikaigeuza, nikaitazama kwa nyuma juani, watu wakinipisha kama wanavyompisha mtu mwenye matatizo yake.

Nilikaa kwenye benchi kula mkate, na hapo nikakumbuka pazia. Studio yetu ilikuwa na pazia moja la nyuma, lililochorwa mnazi na ndege inayopaa, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale pazia halikubadilika. Waliobadilika ni waliosimama mbele yake. Ukitaka kujua kama picha fulani ilipigwa kwetu, huutazami uso wa mteja, unautazama mnazi. Nami asubuhi nzima nilikuwa nikitafuta uso wa mteja aliyeondoka mwaka 1871. Matuta ya Mammoth ndiyo wateja; pazia ni milima iliyo nyuma. Nikaiinua picha tena, safari hii nikafuata mstari wa mgongo wa mlima na kilele kinavyokatana na mteremko wa karibu, nikisogea kulia kilele kikaingia ndani, nikisogea kushoto kikatoka, na baada ya nusu saa nilikuwa nimepata mwelekeo wake. Tatizo likawa kwamba mahali penyewe palikuwa mbele yangu, hatua kama ishirini nje ya njia ya mbao.

Jackson na Moran walitembea juu ya matuta yale walivyotaka. Leo hairuhusiwi, na sababu inaeleweka na kila aliyewahi kuona ukoko ule kwa karibu: mahali pengine ni mwembamba kama ganda la yai na chini yake ni maji ya kuunguza, na alama ya kiatu hukaa. Najua hayo yote, na bado niliuteremsha mguu mmoja wa stendi nje ya ubao ili nipate sentimita chache. Askari wa hifadhi, mama wa makamo, alinijia taratibu, hakupandisha sauti, akasema tu, "Bwana, huo mguu." Nikaurudisha. Aibu yangu haikuwa ya kukamatwa. Ilikuwa ya kujikuta nikidhani kwamba ufundi unanipa ruhusa ambayo wengine hawana. Nilipiga picha yangu kutoka kwenye ubao, mbali kuliko nilivyotaka, na nikiitazama kwa haki, ndiyo picha ninayoipenda zaidi ya safari ile, kwa kuwa ubao wenyewe umeingia pembeni.

Mama yule alikuwa ameizoea sana habari ya watu wanaokuja na picha za zamani. Aliponiona nimetulia, alinielekeza nikatazame Opal Terrace, ng'ambo ya barabara. Chemchemi hiyo ilikuwa imelala kwa miaka mingi, ikaamka mwaka 1926, na ikaanza kujenga chokaa kwa kasi ambayo kwa mwaka mmoja iliweza kufikia sentimita 30. Mwaka 1931 watu walijenga uwanja wa tenisi karibu nayo, na mwaka 1947 uwanja ukaondolewa ili chemchemi ipate nafasi. Karibu yake ipo nyumba ya zamani ambayo imebidi ikingwe kwa ukuta wa udongo na mifuko ya mchanga. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kwenye matuta mazuri yenyewe. Baada ya hapo nilipouchunguza tena mteremko mkubwa, nikaona kwamba sehemu nilizokuwa nikizipita haraka kwa sababu ni kijivu na zimekauka, zikimomonyoka kama nyumba iliyokosa wenyewe, huenda ndizo zilizokuwa zikimeremeta mbele ya kamera ya 1871.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kana kwamba alikuwapo mtu mmoja, kamera moja na nchi tupu. Haikuwa hivyo. Kiangazi hichohicho alikuwapo Yellowstone Joshua Crissman, mpiga picha wa Bozeman, ambaye kamera yake ilipeperushwa na upepo ikatumbukia korongoni, na Jackson akamwazima nyingine. Kazi zake nyingi baadaye ziliuzwa chini ya majina ya watu wengine. Alikuwapo pia mpiga picha Thomas Hine wa Chicago, aliyefuatana na msafara mwingine wa kijeshi, akarudi na vioo vyake mjini kwake, na mwezi Oktoba moto mkubwa wa Chicago ukaviteketeza, zikanusurika nakala chache tu. Nikisoma kwamba Jackson alikuwa wa kwanza, huwa nakumbuka moto ule. Hata watu wa kuoga walikuwapo: Hayden aliwakuta Mammoth wagonjwa waliokuja kujitibu ngozi kwa maji yale, na mwaka huohuo watu wawili walidai mahali hapo kuwa pao ili wafanye biashara ya mabafu. Na kabla ya hao wote ilikuwa nchi ya Watukudika, ambao ni Washoshoni wa milimani, na ya Wakrow na wengineo waliopita na kuwinda humo kwa vizazi vingi. Picha za matuta hazionyeshi hata mmoja wao. Moran yumo, kwa sababu kamera ilihitaji kipimo.

Picha hizo Hayden alizigawa kwa wajumbe wa Kongresi pamoja na michoro ya Moran, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant akatia sahihi sheria iliyoifanya Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa. Wapo wanaosema picha ndizo zilizoshinda, na wapo wanaosema reli ndiyo iliyosukuma na picha zikapamba tu. Mimi si mwanahistoria, lakini nimekaa studio vya kutosha kujua kwamba mtu huleta nia yake mlangoni na picha humpa kitu cha kushika mkononi. Wajumbe wale walishika karatasi ya kahawia yenye mlima mweupe, anga tupu na michirizi myeusi, wasijue kwamba weusi ule ulikuwa rangi ya chungwa.

Nilirudi Mammoth miaka minne baada ya safari ile ya kwanza. Safari hii katika mfuko wa nailoni nilitia picha mbili, ya Jackson na yangu. Yake nilikuwa nimeshaizoea kutolingana. Yangu nilidhani ingelingana, na pazia lililingana kabisa, kilele kwa kilele, ubao nao ulikuwa pale pale; lakini ukingo niliokuwa nimeupiga ukichuruzika maji ulikuwa umekauka na kuwa kijivu, na maji yalikuwa yamehamia upande wa pili, yakimwagikia chini ya njia yenyewe, ambako watu wa hifadhi walikuwa wamezungushia kamba.

Jioni ile nikiwa kwenye nyumba ya wageni Gardiner, mji mdogo mlangoni mwa hifadhi, nilimtumia mwalimu wangu wa Mwanza picha zote tatu kwa simu, kisha nikampigia. Ni mzee wa zaidi ya miaka themanini sasa, studio aliifunga zamani, na macho yamepungua kiasi kwamba mjukuu wake ndiye aliyemweleza kilichomo. Nilimwamkia, akaitikia, akasikiliza habari yote ya vioo na hema na nyumbu Haipo, ambaye alimfurahisha kama nilivyotarajia. Kuhusu matuta hakuuliza lolote, wala kuhusu hifadhi.

"Na maji ya kuoshea," akasema, "huyo bwana aliyapata wapi huko milimani?"

Nikamwambia aliyachota pale pale alipokuwa akipiga, tena ya moto. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ya moto," akasema mwishowe. "Na sisi tukakutuma ziwani."